Mkwe Aliyesema Bila Sauti

Audrey alimpenda Kevin Shivachi miezi miwili kabla ya kuisikia sauti yake. Usicheke. Ingekuwa ni wewe umesimama katikati ya mashine arobaini za kufuma blanketi, zote zikinguruma kama mabati ya mtaa mzima yanayopigwa mawe, hata wewe ungependa kwa macho.

Kiwandani kwao, kule Industrial Area, hakuna anayemsikia mwenzake. Watu huongea kwa midomo. Neno hukatwa kubwa, polepole, bila sauti, na aliye upande wa pili hulisoma kama anavyosoma bango la duka. Kevin, mashine nambari tisa, alimwambia Audrey, mashine nambari kumi na nne: "Una macho mazuri." Audrey akamjibu: "Uzi wako umekatika." Na kweli ulikuwa umekatika. Yakaanzia hapo.

Siku aliyoisikia sauti yenyewe, pale getini wakitoka shifti, aliiona nyembamba kuliko alivyotarajia. Lakini mtu akishapenda, sauti ni rangi ya ukuta tu. Nyumba ni ile ile.

Jumapili hii saa nane mchana, Kevin alikuwa amesimama Kibera, upande wa Olympic, amevaa shati jeupe na viatu vya kuazima vilivyokuwa vikimbana kama askari wa kanjo anavyombana mchuuzi. Ametoka Kabiro, Kawangware, na shangazi yake Lenah, dada mkubwa wa marehemu baba yake, ambaye kwa Kiluhya alimwita Senje. Senje Lenah alibeba sukari na majani chai. Kevin alibeba blanketi jipya ndani ya nailoni, amelikumbatia kama mtoto mgonjwa. Walikuwa wamekuja kujijulisha kwa mama yake Audrey.

Audrey aliwapokea barabarani, akamvuta Kevin kando.

"Sikiza, na usiniangushe. Kwanza, wewe ni karani wa stoo. Si mfumaji. Ukisema mfumaji tumeisha."

"Na wewe?"

"Mimi nauza mapazia duka moja la tao."

"Haki? Tangu lini?"

"Tangu miezi nane, na usianze. Pili, usimwangalie mathe usoni. Kwetu mkwe hamkodolei mama mkwe macho, ni kukosa adabu. Angalia sahani. Angalia ukuta. Niangalie mimi."

"Hiyo ya mwisho naiweza," Kevin akasema, na Audrey, pamoja na hofu yake yote, akatabasamu.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Mama yake, aliyejulikana mtaani kama Mama Amolo, alifuma blanketi miaka kumi na tisa katika kiwanda kingine kilichofungwa zamani. Siku hizi mle ndani wanauza vigae vya sakafu. Mume wake alifuma humo humo. Vumbi la pamba likamwingia kifuani, akakohoa miaka mitatu, akazikwa Audrey akiwa na miaka minne. Zaidi ya hapo mama hakusimulia. Ukimuuliza habari za kiwanda alikujibu, "Nilifanya kazi. Iliisha." Kiwanda kilimwachia sikio moja lisilosikia vizuri, na kiapo kimoja alichokirudia kila mwaka makaburini: binti yake hataolewa na mtu wa pamba.

Waliingia. Kitini chini ya kalenda aliketi Mzee Ouma, ndugu wa marehemu mume wake, aliyeitwa awe mwanamume wa nyumba kwa siku hiyo. Alikuwa mtu wa amani, hasa chakula kikiwa karibu. Mama Amolo mwenyewe alikuwa amesimama, kitambaa cha bluu kichwani, mikono kiunoni. Aliwatazama wageni midomoni. Audrey tangu utotoni alidhani mama yake huwatazama watu midomoni kwa sababu ya ukali.

"Karibuni. Kaeni. Chakula kiko tayari, sipendi wageni wakae sana."

Akaweka ugali mezani. Akaweka mboga ya sukuma. Halafu akaweka bakuli la omena, samaki wadogo kama misumari ya nusu inchi, wa kula siku ya kawaida mfuko ukiwa umelegea. Senje Lenah alilitazama lile bakuli muda mrefu sana.

"Mama Audrey," akasema kwa upole wenye miiba, "kwetu mgeni wa jambo kama hili huchinjiwa kuku."

"Hata hapa. Lakini kuku walisikia mnakuja, wakahama."

Mzee Ouma alikohoa, akamwita mama wa Audrey kwa Kijaluo. "Min Audrey, wageni ni baraka."

"Baraka zingine huja na miguu michafu. Kijana, unafanya kazi gani?"

Kevin aliiangalia sahani kama alivyofunzwa. "Karani wa stoo, Mama."

"Stoo ya nini?"

"Ya... vitu."

"Ya vitu." Mama Amolo alimgeukia shemeji yake. "Umesikia, Ouma? Anaandika vitu. Mtoto wetu atakula vitu, atavaa vitu, atazaa vitu."

"Tumeleta zawadi," Audrey akadakia haraka. "Kevin, mpe mama blanketi."

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipofanyika, na lilifanywa kwa moyo safi. Kevin alitaka kumpa mama mkwe kitu cha jasho lake. Lile blanketi la mistari myekundu alilifuma mwenyewe, akalinunua mwenyewe pale dirishani kiwandani, na hakuna aliyemkumbusha kwamba huwezi kumuuzia mvuvi samaki ukamdanganya siku aliyovuliwa.

Mama Amolo alilitoa kwenye nailoni. Hakulitazama mbele. Alilipindua nyuma, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo taratibu, kama kipofu anayetafuta uso wa mtu. Kidole kikasimama.

"Aliyefuma hii ana haraka. Hapa uzi ulikatika, akaunga fundo bila kuliangalia." Akainua macho. "Alikuwa anaangalia msichana."

Masikio ya Kevin yakawa moto. Kwa sababu alipakumbuka pale. Siku hiyo Audrey alikuwa amevaa sweta ya manjano.

Kabla hajapata la kusema, kanisa la jirani likafungua ibada ya mchana. Ukuta wa kanisa na ukuta wa Mama Amolo ni ule ule mmoja, na spika kubwa ilikuwa imeegemezwa hapo. Kinanda kikapasua, ngoma ikafuata, vikombe vikatetemeka kabatini. Mzee Ouma alifungua mdomo kuendeleza amani, akaona haina maana, akarudi kwenye omena. Senje Lenah alifumba macho, hatujui kama kwa sala au kwa hasira.

Na Kevin, kijana wa mashine nambari tisa, akasikia kelele na mwili wake ukadhani uko kazini.

Akamtazama Audrey ng'ambo ya meza. Bila sauti, maneno makubwa, polepole, akasema: "Mathe wako ana mdomo kushinda mashine nambari tisa."

Audrey, naye bila kufikiri, akajibu vile vile: "Vumilia. Akishakula atanyamaza."

"Nikitoka hapa mzima nakuoa kesho."

"Wacha kunichekesha. Ataona."

"Ataona nini? Huyu hata hasikii."

Kila kizazi hudhani ndicho kilichovumbua mapenzi. Hawa wawili walidhani hata ile lugha ya midomo ni yao, waliibuni wenyewe mwaka huu, kati ya mashine nambari tisa na nambari kumi na nne. Audrey aligeuza macho kidogo kuona kama mama yake anakula.

Mama Amolo hakuwa anakula. Alikuwa anawatazama midomo. Na mdomo wake mwenyewe ulifunguka, mkubwa, wa polepole, ulioshiba miaka kumi na tisa, bila sauti hata chembe:

"Hata nikishakula sitanyamaza."

Kijiko cha Audrey kilianguka. Hakuna aliyekisikia.

"Karani wa stoo," Mama Amolo aliendelea bila sauti. "Kijana, niangalie ninapoongea."

Kevin alitazama sahani. Alitazama ukuta. Adabu ilimkataza kumtazama mama mkwe usoni, na bila kumtazama usoni hangesikia anachotukanwa. Mwishowe akainua macho, akayaweka kwenye midomo ya yule mama, na jasho likamteremka mgongoni.

"Mashine gani?"

"Tisa, Mama."

"Na wewe, muuza mapazia?"

Audrey alijaribu kulia, akaona hakuna nafasi. "Kumi na nne."

"Miezi nane natoa manyoya ya pamba kwenye kitana chako. Ulifikiri nadhani ni mba? Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

"Ungenikataza!"

"Ningekuvunja miguu!"

Wakati huo Mzee Ouma aliinua kichwa kutoka kwenye sahani, akaona maajabu: watu watatu wanafungua na kufunga midomo kama samaki waliotolewa majini, na yule kijana wa watu amemkodolea mama mkwe macho bila haya. Akapiga kelele juu ya kinanda:

"Omera! We kijana, macho chini! Huyo ni mama mkwe wako, si televisheni!"

Kevin hakumsikia. Alikuwa anasoma.

"Wanawapa maski?" Mama Amolo aliuliza.

"Wanatupa."

"Unavaa?"

Kimya. Na ukitaka kujua kimya kikoje mahali ambapo spika ya kanisa inapasua ukuta, tazama midomo mitatu iliyofungwa.

"Nimekuuliza. Unavaa?"

"Nikivaa," Kevin akasema, na safari hii midomo yake ilikuwa midogo, kama ya mtoto, "siwezi kuongea na Audrey."

Uso wa Mama Amolo ulibadilika. Audrey alijua hasira zote za mama yake, ya asubuhi, ya foleni ya maji, ya mwenye nyumba, lakini hii hakuwahi kuiona.

"Baba yako alikuwa mashine nambari tatu," mama alimwambia binti yake. "Mimi nambari saba. Hakukuwa na maski siku zile, tulifunga kitambaa, puani mpaka kidevuni. Yeye alikuwa anakishusha. Kila mara. Anashusha aniambie chai iko tayari. Anashusha aniambie nimependeza. Namwambia pandisha, anacheka. Miaka tisa alishusha kitambaa kuniambia ananipenda, na kila akishusha alikuwa anameza pamba. Mwaka wa mwisho hakuweza kuzima koroboi kwa pumzi yake, Audrey. Ile taa ndogo. Anapuliza, inacheka tu. Nikawa nazima mimi."

Audrey aliweka mkono mdomoni.

"Sasa unaniletea mwingine."

Ghafla stima ikapotea, umeme wote wa mtaa, kama kawaida yake. Kinanda kikakatika katikati, spika ikakoroma ikafa. Kukawa kimya cha kweli, cha masikio. Na ndani ya kile kimya, Mama Amolo, Audrey na Kevin walikuwa bado wanatukanana kwa midomo mitupu, mikono ikirushwa, macho yametoka, hakuna sauti.

Senje Lenah alifumbua macho. Akawatazama mmoja mmoja.

"Ouma," akanong'ona, "hawa watu wamepandwa na nini?"

Mama Amolo aligeuka, na sauti ikamrudi yote kwa mpigo mmoja. "Wamepandwa na pamba! Huyu mtoto wenu si karani. Ni mfumaji. Amenidanganya ndani ya nyumba yangu, akala chakula changu!"

"Chakula gani?" Senje Lenah alisimama. "Hizi omena? Mimi nimetoka Kawangware na viatu vya kanisani nije nilishwe omena na kutukaniwa mtoto? Kevin, simama twende! Wasichana hawajaisha Nairobi!"

"Wachukueni wote, mfungue duka!"

"Wamama, wamama," alisema Mzee Ouma, akiwa ameshika bakuli lisimwagike.

Kevin alisimama. Lakini hakwenda mlangoni. Alimtazama mama mkwe usoni mara ya pili, na safari hii hakukuwa na kelele ya kumpa sababu.

"Mama, nimekosea. Mimi ni mfumaji, na hiyo blanketi nilifuma mwenyewe. Na hapo pa lile fundo, nilikuwa namwangalia Audrey."

"Najua. Ndiyo shida."

"Siwezi kuahidi sitamwangalia."

"Basi toka."

"Akitoka natoka na yeye," Audrey akasema. Alikuwa ameshasimama upande wa pili wa meza, karibu na lile shati jeupe. "Mama, nakuambia ukweli, leo usinijaribu. Tutatoka pamoja."

Mama Amolo aliivuta sahani ya Kevin kwake. "Hata baba yako aliniambia hivyo. Kiwanda kikifungwa tutatoka pamoja. Akatoka peke yake, amebebwa." Akaonyesha mlango. "Tokeni."

Senje Lenah alitangulia kwa kishindo, amesahau hata sukari. Kevin akafuata, viatu vikimuuma. Audrey alifika kizingitini, na hapo akasimama. Nyuma yake mama. Mbele yake mtaro wa maji machafu, ubao mmoja wa kuvukia, na ng'ambo yake mwanamume aliyegeuka kumngoja. Kuvuka ubao ule ni hatua nne. Alikuwa ameuvuka tangu utotoni akikimbia. Sasa ulikuwa mrefu kama barabara ya Naivasha.

Aliweka mguu mmoja juu ya ubao.

Stima ikarudi. Spika ikapasua, kinanda kikaanza pale pale kilipokatikia, na waumini wakashangilia. Audrey alihisi mama yake anapita kando yake, bega kwa bega, mpaka ukingoni mwa mtaro. Mama Amolo alifungua kile kitambaa cha bluu kichwani, mbele ya majirani wote, nywele zake za mvi nje. Akakiviringa kama ngumi, akamtupia Kevin kifuani kama mtu anayerusha jiwe.

Kevin alikidaka.

"Funga!" midomo ya Mama Amolo ilisema juu ya ile kelele. "Puani mpaka kidevuni. Kesho kazini, keshokutwa, kila siku. Nitajua. Bado nina watu kwenye hivyo viwanda. Nikisikia umekishusha hata mara moja, hata kumwambia mashine inawaka moto, usinione tena."

"Na nikifunga?"

"Krismasi nitawasha koroboi, niiweke hapa kizingitini. Wewe utasimama hapo ulipo, ng'ambo ya mtaro, upulize. Ikizimika, nitachinja kuku. Isipozimika, urudi Kawangware na shangazi yako mwenye maneno."

"Mama, hapa mpaka hapo ni mbali!"

"Basi chunga kifua."

Senje Lenah alikuwa akimvuta Kevin mkono, anataka kujua wanaambiana nini, kama ni laana asikie aikemee. Kevin hakumjibu. Alikikunja kile kitambaa pembe tatu, akakifunga nyuma ya kichwa, akakivuta juu ya pua. Yakabaki macho.

Akamtazama Audrey kwa hayo macho. Halafu akaongea. Audrey aliona kitambaa kikiingia na kutoka, kikiingia na kutoka, maneno mengi, marefu, na hakuweza kusoma hata moja. Aliinamisha kichwa, akakaza macho, akaegemea mbele juu ya ubao. Hakuna. Kwa mara ya kwanza tangu mashine nambari tisa imwambie ana macho mazuri, Kevin Shivachi alikuwa amesema kitu ambacho Audrey hakukijua.

Kijana akainua mkono, akageuka, akaondoka na shangazi yake kuelekea barabarani, kitambaa bado usoni, watu wakimpisha wakidhani ni mgonjwa.

Mama Amolo alimgusa binti yake begani. "Amesema nini?" midomo yake iliuliza.

"Sijui," Audrey akajibu, machozi yakimteremka. "Sijaona kitu."

"Vizuri."

Wakarudi ndani. Mzee Ouma alikuwa amemaliza omena. Alionyesha kiti kwa kidole, akapiga kelele juu ya kinanda: "Wamesahau blanketi! Niwakimbilie?"

Mama Amolo alilitazama lile blanketi la mistari myekundu, akatazama mlango, akalikalia.

"Kula ugali wako, Ouma," akasema.

Na chini ya paja lake, ambapo alidhani hakuna anayeona, kidole gumba kilianza kutembea ukingoni, taratibu, kikitafuta lile fundo.